Mnong'ono wa Wifi

Wifi yangu alinong'ona kwa muda mrefu hadi wauza mboga wakaanza kudhani mimi ndiye mke wa kaka yangu. Mimi ndiye nilikuwa mdomo wake. Akitaka sabuni ananisogelea sikioni, ananong'ona, "Sabuni ya unga, pakiti ndogo," nami namgeukia mwenye duka nasema, "Anataka sabuni ya unga, pakiti ndogo." Shingoni alijizungushia skafu hata jua likiwaka la kupasua mawe, na kila aliyeuliza aliambiwa ni koo. Koo gani hilo lisilopona? Koo lilikuwa zima kabisa. Mgonjwa alikuwa mwenye koo.

Lazima nieleze kwanza kwamba wifi alikuwa mtangazaji wa redio. Watu wasiowahi kuuona uso wake walikuwa wakimsikia anaagiza chai mkahawani, wanageuka: "Ah, si wewe?" Ndiyo maana aibu ilipompata hakujificha uso kama watu wengine. Alificha sauti. Alitembea mjini mchana kweupe, uso wazi, na akajiona amevuliwa nguo siku yoyote neno lilipomtoka kwa bahati mbaya.

Kisa chenyewe ni cha kiti. Kila asubuhi, baada ya habari, yeye ndiye alikuwa anasoma matangazo ya vifo, na alikuwa akiyasoma vizuri, kwa upole, bila kujiliza. Chumba cha kutangazia kilikuwa na kiti cha kuzunguka, vile vyenye kijiti pembeni cha kupandishia na kushushia. Kiti kilikuwa kibovu na wote walijua. Siku hiyo akaanza kusoma: bibi fulani wa mtaa fulani anasikitika kutangaza kifo cha mumewe mpendwa, habari ziwafikie ndugu na jamaa, hasa mdogo wa marehemu aliye safarini. Hapo kiti kikaanza kushuka. Kilishuka polepole, kwa adabu zote, kikitoa pumzi, hadi kidevu cha wifi kikawa sawa na meza na kipaza sauti kikabaki juu kichwani pake kama bomba la bafuni. Ng'ambo ya kioo, fundi mitambo alisimama kumtafuta mtangazaji amekwenda wapi. Macho yao yakakutana.

Akacheka. Alijitahidi kuzuia kicheko puani, nacho kikizuiwa puani hutoka kibaya zaidi. Kilikwenda hewani kizima, kikasikika kila palipo na redio. Fundi mitambo akapiga muziki haraka, na wifi akainuka akatoka mbio, akapita mapokezi, akapita getini, akaja mpaka saluni kwangu. Mimi ni msusi. Nilikuwa na kichwa cha mtu mikononi. Aliingia akajikunyata chini ya meza ya mashine za kukaushia nywele, na neno la kwanza alilolisema alilinong'ona: "Wifi, nimemcheka maiti."

Tangu hapo hakurudi kazini. Redio ya nyumbani aliichomoa waya. Kazini wakipiga simu, kaka anapokea anasema mgonjwa. Kaka yangu ni mtu mwema, na kama watu wengi wema ana dawa moja tu ya kila jambo: "Ataacha tu." Hakuacha. Alianza kwa kunong'ona nje, akaja kunong'ona sebuleni, mwisho akamnong'oneza hata mwanawe wakati wa kumwamsha kwenda shule.

Huyo mtoto ndiye aliyetufikisha tulikofika. Anasoma darasa la pili, na mwalimu wake alituita. Tukakaa kwenye vile viti vya watoto, magoti yakitugusa videvu. Mwalimu akasema mtoto ana akili, majibu anayajua, ila siku hizi hajibu mwenyewe. Anamnong'oneza jirani yake wa dawati, na jirani ndiye anayenyoosha mkono. "Nikimuuliza kwa nini," mwalimu akasema, "ananiambia sauti yake ni mbaya."

Nilimtazama wifi. Sijawahi kumwona mtu akiona aibu namna ile. Haikuwa aibu ya uso kuwaka, ilikuwa ya uso kufa. Njiani akanishika mkono, na kwa mnong'ono wake uleule akasema, "Nitafutie mtu."

Mtu tuliyempata alikuwa na chumba hospitalini, nyuma ya idara ya meno. Nilidhani ni yule msichana anayeandika namba za wagonjwa, nikamuuliza daktari yuko wapi. "Ndiye mimi," akasema, "ila siyo daktari. Ni mshauri. Karibuni." Mwembamba, miwani mikubwa, mdogo kuliko sote wawili. Moyoni nikasema haya, maji tumeyavulia nguo. Na kila tulipofika pa maana, ukutani ililia ile mashine ya kutoboa meno.

Wifi akaninong'oneza. Nikasema, "Anasema amefanya jambo baya sana kazini."

Mshauri akamtazama yeye, siyo mimi. "Dada, hata ukinong'ona nakusikia. Huyu wa katikati wa nini?"

Nilikasirika, sifichi. Lakini wifi akaeleza mwenyewe, kwa mnong'ono, mpaka mwisho. Mshauri hakucheka wala hakusikitika. Akauliza, "Ukiingia dukani ukataka kusema, kichwani linapita nini kwanza? Usinipe maelezo. Nipe lile linalopita."

"Kwamba wataitambua sauti. Watasema, huyu ndiye anayecheka wafu. Hana utu."

"Na mwili unafanya nini?"

"Tumbo linakata. Nasikia joto."

"Halafu?"

"Namwambia wifi aseme."

"Na tumbo?"

Wifi akafikiri. "Linatulia."

"Basi ndiyo sababu hujapona," mshauri akasema. "Unakimbia, unatulia, kwa hiyo unaamini kukimbia ndiko kulikokuokoa. Hujawahi kusimama uone kama kuna anayekufukuza."

Kisha akatupa mfano, na mfano ule sijausahau. "Umemwona shoga yako ng'ambo ya barabara, ukampungia mkono. Hakupunga. Umewaza nini? Mmoja mmoja."

"Kwamba anaringa," nikasema upesi. "Atajua mimi ni nani."

"Kwamba amenichukia," wifi akanong'ona.

"Shoga ni mmoja, barabara ni moja. Mmoja ameondoka na hasira, mwenzake ameondoka amejikunyata. Tukio halikuwapa hivyo vitu. Kilichowapa ni wazo, na kila mtu alikuja na lake kutoka nyumbani. Sasa wewe unayeamini amekuchukia, kesho ukimwona utafanyaje?"

"Nitakata kona."

"Naye akikuona unakata kona?"

"Atadhani mimi ndiye nimemchukia."

"Na atanuna. Na wewe utasema, si nilijua!" Mshauri akavua miwani akaifuta. "Na huenda siku ya kwanza alisahau miwani tu nyumbani."

Nikadhani sasa atamwambia awaze mazuri, ajisemee kwenye kioo kwamba yeye ni ua. Nimeshasikia hayo kwa wateja wangu. Lakini alisema kinyume. "Sikuambii uwaze mazuri. Kujidanganya kwa mazuri nako ni kudanganyika. Nakuambia ukague. Wazo limekuja lenyewe, hukuliita, na wala si kosa lako kwamba limekuja. Lakini kabla hujalitii, liulize: ushahidi uko wapi? Na ukitaka ushahidi, utautafuta nje, siyo chini ya skafu."

Halafu akanigeukia. "Na wewe dada, unampenda wifi yako?"

"Sana."

"Basi acha kumsemea. Kila unapomsemea unamthibitishia kwamba sauti yake ni kitu cha kuficha."

Ilikuwa zamu yangu kutazama sakafu. Kilichonichoma siyo kuambiwa. Ni kwamba nilikuwa nimeanza kuipenda kazi ile. Akininong'oneza nyanya, nilikuwa nachukua na vitunguu. Niliona haya hadi masikio yakawaka, na sikusema neno mpaka nje, jambo ambalo wanaonijua watalishangaa.

Kazi ya kwanza ilikuwa dukani. Kabla ya kwenda, mshauri alimtaka atabiri: nini kitatokea, na anaamini kiasi gani, kwa mia? Wifi akasema mwenye duka atamtambua na kumsema mbele ya watu, na anaamini tisini na tano. Mimi niliamriwa nisimame nje, tena ng'ambo ya barabara, maana mshauri alikuwa amenisoma vizuri. Nilimwona akiingia. Nilimwona akisimama mbele ya kaunta, akishika skafu, akiiachia. Midomo ikacheza. Mwenye duka akainua kichwa, akasema kitu, akageuka kuchukua kiberiti.

Alitoka na kiberiti mkononi. "Kasemaje?" nikauliza.

"Kasema, 'Koo limepona? Afadhali, maana yule wifi yako ananichosha.'"

Mwenye duka yule hajapata salamu yangu mpaka leo.

Tukaenda hivyohivyo, kidogo kidogo. Kwenye foleni ya duka la dawa mama mmoja alimgeukia macho yamemtoka: "Sauti hii naijua! Wewe ni wa redio!" Wifi akaishika skafu. "Wewe ndiye yule wa mapishi! Ule wali wako uliniungulia." Basi wifi akasimama pale akaombwa maelezo ya wali, yeye ambaye nyumbani chai tu inamshinda. Siku hiyo ndiyo nilimsikia akicheka tena, na katikati ya kicheko akaziba mdomo kwa mikono miwili, kama aliyeshikwa akiiba.

Mshauri akanipa na mimi kazi, nadhani kwa kunihurumia. Niwaulize wateja wangu saluni, bila kutaja mtu: mtangazaji akiteleza akacheka katikati ya tangazo la kifo, mtamwonaje? Wifi alikaa nyuma ya pazia anasikiliza. Wengi hawakukumbuka kitu kama hicho kutokea. Mmoja alisema yeye aliwahi kucheka kwenye mazishi ya baba mkwe wake, tena karibu na jeneza, mpaka akasingizia kilio. Lakini palikuwa na mmoja, muuza viatu, ambaye alikumbuka. "Nilimsikia yule," alisema, nywele zake zikiwa mkononi mwangu. "Mimi ningemfukuza siku ileile." Kichwa kile nilikisuka kwa nguvu kidogo.

Nilidhani amebomoa tulichokijenga. Lakini wifi alipotoka nyuma ya pazia uso wake ulikuwa mkavu. "Mmoja," akasema. Akarudia, kama mtu anayeonja neno geni. "Mmoja."

Wakati huohuo mkuu wa kituo alikuwa ametuma neno. Amevumilia vya kutosha. Wiki inayofuata wifi arudi kwenye kipaza sauti, la sivyo kipindi kitapewa mwingine, na yeye ahamie chumba cha kutunzia kanda za zamani, ambako hahitaji kusema na mtu. Zamani kidogo angekikimbilia chumba kile kama peponi. Sasa alikaa usiku kucha kwenye meza ya jikoni, na asubuhi akaniambia jambo lililonitoa jasho. "Siwezi kusoma kifo cha mtu mwingine kabla sijakwenda kwa yule mjane."

Mshauri hakumkataza. Alimuuliza tu, "Unaenda kutafuta nini?"

"Msamaha."

"Na ukinyimwa?"

Mashine ya meno ikalia, ikanyamaza.

"Mawazo mengi yakikaguliwa yanaonekana ni uongo," mshauri akasema. "Machache yanaonekana ni kweli. Inawezekana yule mama anakuchukia kweli. Hapo hatutabishana na ukweli. Tutauliza swali lingine: je, unaweza kuishi huku mtu mmoja anakuchukia? Ukienda kwa sababu ya msamaha, usiende. Ukienda kwa sababu una neno unalodaiwa kulisema, nenda."

Tulikwenda mchana. Mimi nilikwenda kwa sharti la kufunga mdomo. Nyumba ya mjane ilikuwa mwisho wa barabara ya vumbi, ua mdogo umefagiliwa, na uani palikuwa na mwanaume mnene aliyepiga magoti kando ya baiskeli, anakaza nati. Alituitikia bila kuinua kichwa. Kutoka ndani tulisikia cherehani.

Mlangoni wifi akavua skafu akanipa. Akavuta pumzi. "Hodi."

Alisema kwa sauti yake kamili, ile ya asubuhi. Cherehani ikanyamaza. Mwanaume wa baiskeli akaacha kukaza nati.

"Pita, mtangazaji," sauti ikajibu ndani.

Tulipita. Mjane alikuwa mwanamke wa makamo, miwani kwenye ncha ya pua, amezungukwa na sare za shule zilizokatwa na bado kushonwa. Akatuonyesha kochi. Wifi hakukaa.

"Mama, nimekuja kwa sababu ya siku ile. Nilicheka nikisoma tangazo la mumeo. Kiti kiliharibika nikacheka. Sina cha kujitetea. Nimeona aibu tangu siku hiyo, na nilitakiwa kuja mapema. Naomba radhi."

Mjane akavua miwani. "Kicheko," akasema. "Unajua mume wangu alikuwa mtu wa namna gani? Angekuwa hai akasikia, angeanguka kwa kucheka. Kicheko nilikusamehe siku ileile. Hata sikukiita kosa."

Nikahisi kifua changu kinafunguka. Nilitaka kumkumbatia. Lakini alikuwa hajamaliza.

"Kosa lako ni kwamba hukumalizia. Ulisoma jina, ukasoma jina langu, ukacheka, ukaondoka. Saa ya mazishi hukuisema. Shemeji yangu, huyo hapo nje, alikuwa mbali na lori. Simu haishiki. Redio ndiyo ilikuwa mkono wetu wa kumfikia, na anasikiliza kila siku akiendesha. Alikusubiri umalizie. Hukumalizia, na hakuna aliyemalizia; ndivyo alivyoniambia mwenyewe, maana mimi baada ya kicheko waombolezaji waliniondoa redioni. Alifika kaburi limeshafukiwa. Ndugu yake wa pekee." Akavaa miwani tena. "Tangu hapo hajashika usukani. Anakaza nati za baiskeli za watu. Wewe ulikuwa unaona aibu. Aibu yako imemsaidia nini?"

Wifi alisimama vilevile. Mimi nilitamani ardhi ipasuke, nami sikuwa hata nimeshtakiwa. Siku zote zile alikuwa anaogopa watu wanamwazia nini yeye, na katika siku zote zile hakuwahi kujiuliza, wala mimi, wala kaka, hata mara moja, lile tangazo liliishia wapi.

"Sikujua," wifi akasema.

"Sasa umejua."

"Pole, mama."

"Nimeshapoa. Nendeni salama." Cherehani ikaanza tena.

Tulitoka. Getini mwanaume wa baiskeli alikuwa ametutangulia, amesimama, spana mkononi, anatazama viatu vyake. Dereva yule alikuwa na mwili mkubwa, lakini alikuwa amejikunja kama mtoto aliyevunja sahani.

"Dada," akasema chini chini. "Amekwambia nini?"

"Kwamba hukufika mazishini kwa sababu yangu," wifi akajibu. "Kaka, sina neno la kukutosha. Nisamehe."

Akatikisa kichwa. Akatazama mlangoni, akatutazama. "Lilisomwa," akasema.

"Nini?"

"Tangazo. Lilisomwa tena baada ya ule muziki. Na mtangazaji mwanaume. Neno kwa neno, na saa, na mahali. Kesho yake dereva mwenzangu alinikuta kituo cha mafuta, akanipa pole, akashangaa niko pale nafanya nini. Yeye alilisikia lote." Akaigeuza spana mkononi. "Mimi nilizima. Nilisikia jina la kaka yangu, kisha kicheko, nikasema huu ni mzaha, kifo hakitangazwi kwa kicheko. Nikazima redio. Nilijua si mzaha, dada. Nilijua. Niliogopa kusikia mwisho wake. Kisha nikaendelea kuendesha, mbele, siyo nyuma. Nilipofika hapa wakaniuliza, nikasema tangazo halikumaliziwa. Ilikuwa rahisi kusema."

Sikiliza, mimi nimeumbwa na ulimi mwepesi. Wakati ule ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno. Wifi alikuwa hana hatia! Tangazo lilisomwa, na hakujua kwa sababu tangu siku ile hakuthubutu kumuuliza mtu yeyote kituoni kilichofuata. Mtu akijificha hakosi tu lawama, hukosa hata habari njema. Na sasa ushahidi ulikuwa umeletwa getini na mwenyewe, na mjane yuko hatua chache nyuma ya mlango.

Cherehani ikanyamaza. Mjane akatokeza kichwa dirishani. "Anakwambia nini huyo?"

Dereva akafumba macho. Wifi akanitazama, na mtazamo ule ulikuwa amri. Nikauma ulimi kwelikweli, nikaonja damu.

"Nilikuwa namwomba radhi, mama," wifi akajibu. Hakunong'ona.

"Ni wajibu wako," mjane akasema, na dirisha likafungwa.

Wifi akabaki getini na dereva. Mimi nilisogea barabarani, kwa sababu ningebaki ningesema. Nilimsikia akimwambia, "Kaka, sitamwambia mimi. Si langu kulisema. Lakini najua unavyoishi. Unadhani akijua atafanyaje?"

"Atanifukuza. Hatanitazama tena usoni."

"Unaamini kiasi gani? Kwa mia?"

"Mia," dereva akasema. "Mia yote."

"Mimi nilikuwa na tisini na tano," wifi akasema, "na baadhi yake ilikuwa kweli. Yule mama hanipendi. Nimetoka ndani nikiwa na miguu yote miwili."

Akaniacha nimfuate. Tulikuwa tumeshapita nyumba kadhaa nilipolipuka. Nikamwambia yeye ni mjinga, kwamba mficha uchi hazai, kwamba amebeba mzigo wa mwanaume mzima mwenye misuli, kwamba mjane atamchukia mpaka siku ya kufa. Machozi yalikuwa yananitoka kwa hasira.

"Najua," akasema. "Nilitamani kusema, wifi. Usidhani sikutamani. Nilitamani mpaka nikaona aibu." Akafuta uso. "Lakini nimekaa chini ya meza miezi yote hii kwa sababu ya watu kunijua. Nitamburuta mwenzangu aje akae palepale?"

Nikaona haya, kwa mara ya pili tangu tulipoanza safari zile, na safari hii sikutazama pembeni. Mimi ningesema. Ningesema na ningetembea nyumbani nikijisifu.

Nikageuka nyuma ili asinione nikilia. Dereva alikuwa ameondoka getini. Alikuwa amesimama mbele ya mlango wa shemeji yake, spana ameitupa, mkono ameunyanyua usawa wa ubao. Hakugonga. Mkono ukashuka. Ukapanda tena, ukabaki hewani.

Wifi naye akageuka, akaona. Barabarani palikuwa na watu: mama na ndoo, wanaume wawili wakisukuma mkokoteni, watoto wametoka shule. Skafu ilikuwa bado mkononi mwangu, nikamnyooshea bila kufikiri. Hakuiona. Akavuta pumzi kutoka tumboni, vile alivyokuwa akivuta kila asubuhi kabla ya kusoma, akaita kwa sauti ile iliyokuwa ikifika kila palipo na redio:

"Kaka! Gonga!"

Barabara nzima ikageuka kututazama. Dereva akagonga.